Masurufu ya Mwenda Mwituni



Mwezi huu tumeletewa swali na mama mmoja wa upande wa Matombo, chini ya milima ya Uluguru. Asema kwamba mwanawe, kijana wa miaka kumi na tisa, atafuatana na mjomba wake kwenda kuwinda huko bondeni, na leseni wamekwisha kuipata. Yeye mama alitaka kuwafungia unga, maharage na chumvi katika makopo yenye vifuniko, nao wakamcheka. Mjomba alimwambia kwamba mwindaji hachukui masurufu, kwani chakula chake ki mbele yake kinakimbia; na tena kujishughulisha mno na vyakula ni upungufu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Mama auliza: Je, maneno hayo ni kweli katika dini? Na ikiwa si kweli, mwanawe achukue nini, na chakula hicho akiweke vipi, maana huko waendako wako simba na fisi?

Swali hili lina uzito kuliko lionekanavyo. Watu wengi hulichukulia jambo la chakula cha safari kuwa ni kazi ya jikoni tu, ilhali ndani yake mna mambo matatu makubwa: itikadi ya mtu, uhalali wa alacho, na uhai wake. Tutayaeleza moja baada ya moja, kwa kadiri ya nafasi yetu.

KUTEGEMEA SI KUACHA KUJIANDAA

Kwanza twasema kwamba neno la mjomba si sahihi. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 197, Mwenyezi Mungu amewaamrisha mahujaji wachukue masurufu, kisha akawajulisha kwamba masurufu yaliyo bora ni ucha Mungu. Ibn Abbas ameeleza sababu ya kushuka aya hiyo: walikuwako watu wa Yemen waliokuwa wakija Hija mikono mitupu, wakisema kuwa wao ni wenye kumtegemea Mungu, nao walipofika Makka wakawa wanawaomba watu. Basi tazama, hoja ya mjomba si mpya. Imekwisha kusemwa zamani, na imekwisha kujibiwa.

Tena katika Sura ya Al-Kahf tunasoma khabari za Nabii Musa alipokuwa safarini na kijana wake. Walipochoka alimwambia amletee chakula chao cha mchana, na samaki wao walikuwa wamemchukua tangu mwanzo wa safari. Huyo ni Nabii aliyesema na Mola wake, naye hakuona aibu kubeba chakula.

Na mama huyu na afurahi kwa hili litakalofuata. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotoka Makka kuhamia Madina akafuatana na Abu Bakr, chakula chao cha njiani kilifungwa nyumbani kwa Abu Bakr. Na binti yake, Bibi Asma, alipokosa kamba ya kufungia, aliupasua mshipi wake mwenyewe. Ndiyo sababu akaitwa mwenye mishipi miwili mpaka leo. Basi mwanamke afungaye masurufu ya msafiri hafanyi kazi ya kuchekwa. Anafuata nyayo za Bibi Asma.

Tena iko hatari nyingine ambayo mjomba hakuifikiri. Mtu aendaye mwituni bila ya chakula, siku ya tatu akiwa hakupata kitu, njaa huanza kumsemesha. Atamtamani nguruwe mwitu na ngiri, ambao ni haramu kwetu. Atamtamani mnyama asiyetajwa katika leseni yake. Ataukuta mzoga uliolala jua zima, aseme kwamba bado haujaharibika. Kweli sheria imemsamehe aliyefikwa na dharura. Lakini haifai mtu mwenye unga nyumbani aende kuitafuta dharura kwa miguu yake.

MAHALI PASIPORUHUSIWA

Kabla ya kusema juu ya chakula, lazima tuseme juu ya mahali, maana chakula cha wizi hakina baraka hata kikipikwa vizuri. Msitu wa milima yetu ya Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, na humo hapawindwi. Ndani ya msitu huo yuko minde, mnyama adimu sana ambaye hapatikani nje ya Tanzania. Na humo ndimo zitokamo chemchemi za mto Ruvu unywewao mpaka Dar es Salaam. Mikumi nayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964. Na upande wa kusini, sehemu kubwa ya lile pori la Selous imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu mwaka 2019. Katika hifadhi za taifa hapana ruhusa ya kuwinda.

Leseni hutaja aina ya mnyama, idadi yake na mahali pa kumwinda. Kijana na aisome mwenyewe, asitosheke na kuambiwa. Wanyama hawa ni amana ya umma, na mwenye kumchukua asiyepewa amekula haki ya watu wengi. Kusoma Bismillahi juu ya swala wa kuiba hakuusafishi mkono ulioiba.

PUA YA MNYAMA NI NDEFU KULIKO MACHO YAKO

Sasa tuingie katika kambi. Jambo la kwanza la kujua ni hili: mnyama wa mwituni hakuoni wewe kwanza, hukunusa, na aghalabu hakunusi wewe bali chakula chako. Fisi huifuata harufu ya damu na mifupa. Tembo akinusa ndizi au machungwa ndani ya hema, haombi ruhusa ya kuingia. Nyani huja mchana kweupe, na akifaulu mara moja hatasahau. Nyegere hufukua kilichofukiwa kijuujuu. Hata chembe za ugali zilizomwagika zina mambo yake: chembe humwita panya, panya humwita nyoka, na nyoka hulala palipo na joto, napo ni ubavuni mwako.

Huko Marekani ya Kaskazini hakuna simba wa namna hii yetu, lakini yuko dubu, mnyama mkubwa mwenye pua kali mno. Wawindaji wa huko wamejifunza kwa taabu kwamba mtu asipike mahali anapolala, wala asiweke chakula mahali anapolala. Hufanya mahali patatu: pa kupikia, pa kuwekea chakula, na pa kulala, na baina yake ni kama hatua mia. Chakula hukitia katika masanduku magumu, au hukitundika juu kwa kamba. Sisi hatuna dubu, lakini kanuni hiyo yatufaa vilevile, wala haigharimu kitu.

Mtu wa Uluguru ataongeza jambo moja. Usiku hewa ya milimani hupoa ikateremka kuelekea bondeni. Basi mwenye kupiga kambi chini ya mlima na alale upande wa mlimani, na chakula na nyama viwe upande wa bondeni. Mnyama aifuataye harufu hutoka kule inakokwenda. Atafika penye nyama kabla ya kufika penye watu.

Wala kambi isipigwe juu ya njia. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume s.a.w. aliwausia wasafiri wanaopumzika usiku wajitenge na njia, kwa kuwa usiku njia hizo huwa za wanyama na za wadudu wenye sumu. Msomaji ajuaye mwitu ataona ukweli wake. Simba na tembo hupenda kupita njia iliyokwisha kukanyagwa kama tupendavyo sisi. Hali kadhalika usilale kando ya maji. Chota maji mchana, uondoke. Usiku mahali hapo pana wenyewe.

Na ile Sunna ya kufunika vyombo na kufunga midomo ya viriba usiku, ambayo watoto wetu huisoma chuoni, mwituni ndipo ionekanapo faida yake. Chakula kilicho katika kopo lenye kifuniko cha kubana hakitoi harufu kama kilicho katika kitambaa. Kwa hiyo makopo aliyoyaandaa mama yule, yale yaliyochekwa, ndiyo chombo kinachofaa zaidi.

SAA YA KULA

Yako mambo ambayo wazee waliyajua, na wataalamu wa siku hizi wameyahesabu. Mwaka 2005 mtaalamu Craig Packer na wenzake, wakiwamo Watanzania, walitangaza kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 katika nchi yetu na kuwajeruhi zaidi ya 300. Wengi wa watu hao hawakuwa wawindaji. Walikuwa wakulima, na mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno. Mwezi wa Aprili mwaka 2004, huko Rufiji, aliuawa simba mmoja ambaye alihesabiwa kuwa amekula watu kama 35. Naye alipotazamwa alikutwa na jipu chini ya gego.

Mwaka 2011 wataalamu hao walitoa khabari nyingine, na hii inamhusu kila Mwislamu, maana sisi tunaishi kwa kuhesabu mwezi. Waliona kwamba mashambulizi mengi hutokea baina ya magharibi na saa nne za usiku, na kwamba huzidi sana katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu. Sababu yake yafahamika. Usiku wa mbalamwezi simba hapati windo kwa urahisi, kwa kuwa wanyama humwona; basi hukaa na njaa. Kuanzia tarehe 16 ya mwezi wetu wa Kiislamu, mwezi huchelewa kuchomoza, na kila siku hukawia karibu saa nzima kuliko jana yake. Giza la mwanzo wa usiku ndilo linalompa simba nafasi, na ndiyo saa ambayo binadamu bado wako nje wakipika, wakila na kuosha vyombo.

Basi shika kanuni hii. Chakula cha jioni kipikwe baada ya sala ya alasiri, kiliwe na vyombo vioshwe jua likiwa lingalipo. Ikiwa mna saumu, pikeni mapema; magharibi fungulieni tende na maji, salini, kisha mle karibu na moto kilichokwisha kuiva, na pasiwe na mtu wa kwenda kuosha sufuria gizani. Na tangu tarehe 16 hata mwezi uishe, hadhari iongezwe mara mbili. Kalenda ya Hijra iliyotundikwa ukutani kwako yakutosha kukuonya.

NYAMA YA WINDO

Ikiwa Mwenyezi Mungu amewapa windo, hapo kazi ya chakula ndiyo inaanza, na hatari nayo inaanza.

Juu ya uhalali, mafundisho aliyopewa Adiy bin Hatim na Mtume s.a.w. ndiyo msingi. Jina la Mungu litajwe wakati wa kupiga. Mnyama akikutwa yu hai na achinjwe. Akiangukia majini akafa, asiliwe, kwa kuwa haijulikani kama kilichomwua ni silaha au maji. Na aliyeuawa na simba au chui ni haramu, kama ilivyokuja katika Sura ya Al-Maida, ila akidirikiwa yu hai akachinjwa. Lakini hata hapo mwenye akili humwachia simba windo lake, maana mwenyewe hayuko mbali. Ama mnyama uliyemkuta amekufa huna habari naye, usimguse hata kwa ngozi. Kimeta huua watu kwa njia hiyo, kwa kula na kwa kushika.

Mnyama na apasuliwe palepale alipoangukia, upesi, ili joto la mwilini litoke. Matumbo na kwato viachwe huko, visiletwe kambini. Nyama ichukuliwe kabla ya jua kuzama. Na ikiwa jua limekuchwa, ni heri kupoteza paja moja kuliko kulibeba gizani likidondoka damu njia nzima. Kanzu au shati lenye damu lisilalwe nalo. Lifuliwe, au likae pamoja na nyama huko mbali.

Nyama itundikwe kwa kamba kwenye tawi lililo mbali na shina, juu ya kimo cha watu wawili. Usiiweke juu ya panda la mti ukadhani imesalimika. Chui hiyo ndiyo ghala yake. Na kwa kuwa bondeni pana joto, nyama mbichi haingoji. Ikatwe mitanda myembamba kama unene wa kidole, itiwe chumvi, ianikwe juu ya uchanja wenye moshi, mchana, na mtu akiwapo. Nyama iliyokauka barabara ni nyepesi kuchukua, haitoi harufu kali, na hufika nyumbani salama. Nyama ya usiku ule ipikwe mpaka iive kabisa. Mwindaji akiona ya kwamba kula nusu mbichi ni uanaume, tumbo litamfundisha.

Mifupa na masazo yasitupwe kandokando ya kambi. Yachomwe, au yapelekwe mbali mchana. Wala msifukie karibu mkafikiri mmeficha, kwani fisi ana pua na nyegere ana kucha.

MOTO WA USIKU

Hapa kijana mwenye kusoma atauliza: Je, hatukufundishwa kuzima moto wakati wa kulala? Naam, tumefundishwa, na Hadithi ni sahihi. Lakini sababu yake imetajwa pamoja nayo: panya huweza kuivuta tambi ya taa akawaunguza wenye nyumba wakiwa usingizini. Kinachokatazwa ni moto ulioachwa bila ya mwangalizi. Basi na walinde kwa zamu, mmoja akeshe wengine walale, na nyasi zinazouzunguka moto zifyekwe. Moto wenye mlinzi umetimiza mambo mawili: haukuunguza, na haukumwacha mnyama akaribie bila kuonekana. Ikiwa mko wawili tu, mjue kwamba hamtoshi. Safari ya watu wanne ndiyo yenye usingizi.

WANAOLINDA MASHAMBA

Hatuwezi kumaliza bila ya kuwataja wale ambao hawakwenda kuwinda. Katika vijiji vya bondeni, wakati wa masika na mavuno, vijana na wazee hulala madunguni kuwafukuza nguruwe wasile mahindi na mpunga. Wataalamu tuliowataja wameona kwamba nguruwe mwitu ndiye amletaye simba shambani, na mkulima huwa katikati yao. Basi nao yawahusu haya. Dungu liwe juu, la miti madhubuti, na ngazi ipandishwe. Chakula kiliwe nyumbani kabla ya magharibi, wala pasichomwe mahindi chini ya dungu na maganda yakaachwa hapo, kwani hayo ni kumkaribisha nguruwe kwa mkono wako. Mtoto asipelekewe kazi hii peke yake, wala asitumwe usiku kumpelekea baba chakula. Gunia la mpunga lina thamani, lakini halina thamani ya mtoto.

MASURUFU YENYEWE

Ama mama aliyetuuliza, kwa watu wanne na siku tano twamshauri afunge haya: unga wa sembe kilo kumi, maharage kilo tatu, dagaa wakavu kilo moja, katika kopo la kubana sana kwa sababu ya harufu yao, chumvi kilo mbili, maana nyingine ni ya nyama, sukari, chai, vitunguu na mafuta kidogo katika chupa isiyovuja, na tende, ambazo haziozi wala hazihitaji moto. Pilipili manga na mdalasini wa milima yetu akiutia hatuna neno. Ndizi mbivu na machungwa waziache nyumbani, au wazile siku ya kwanza kabla ya kufika kambini. Maji ya kunywa yachemshwe, hata yakionekana meupe. Na hesabu hii ifanywe kana kwamba hawatapata windo lolote. Wakipata, hilo ni fadhila. Wasipopata, watarudi na afya zao na leseni yao na dini yao.

Wakiwa huko wale pamoja katika sinia moja, wataje jina la Mungu, na asiwepo mwenye kujificha na chake hemani. Adabu hii ina baraka, na tena ina ulinzi, maana kipande cha nyama kilichofichwa chini ya mto kimewahi kumwita mgeni asiyetakiwa.

Neno letu la mwisho ni kwa kijana mwenyewe. Katika nchi yetu ya Uluguru mjomba ana heshima yake, na sisi hatukuambii uivunje. Mwambie kwa upole, umsomee aya, umwonyeshe makopo. Akikataa masurufu na kukataa zamu za ulinzi, mwombe radhi ubaki nyumbani, wala usione haya. Aliyemfunga ngamia wake kisha akamtegemea Mungu amefuata Sunna. Na aliyekataa kupanda ngamia asiyefungwa hakumkosea mtu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa mwituni na walinzi wa mashamba yetu, awarudishe kwa mama zao wakiwa wazima, na aturuzuku sote kilicho halali na kizuri. Amin. Wabillahi tawfiq.